Mashine Iliyolala Ghalani

Huko Uingereza, mahali paitwapo Bletchley, kaskazini-magharibi ya London, kuna nyumba ya makumbusho ambamo wageni huonyeshwa mashine moja kubwa ya kuhesabu. Kimo chake ni meta 2, upana wake meta 6, na uzito wake tani 2 na nusu. Ikifanya kazi hulia kama cherehani nyingi zinazoshona pamoja katika chumba kimoja, na mbele yake vitone vya mwanga mwekundu vinarukaruka, mamia kwa mamia. Ukiipa hesabu mbili za kuzidisha, itakuletea jibu baada ya sekunde 5, au pengine 10. Simu ndogo ambayo kijana wa leo anaichukua mfukoni hufanya hesabu ya namna hiyo mamilioni ya mara kwa muda ule ule.

Basi, wasomaji wapenzi, mtauliza: mashine nzito na ya polepole namna hii ina faida gani? Na kwa nini watu wazima, wenye elimu na kazi zao, walitoa saa zao kwa miaka mitatu kuisafisha na kuitengeneza bila kulipwa mshahara? Swali hilo ni jema. Ili kulijibu imetupasa kusimulia habari za mashine hiyo tangu kuzaliwa kwake hata kufufuka kwake, pamoja na habari za mashine nyingine ya nchi ile ile ambayo haikupata bahati kama yake.

Kazi iliyochosha watu

Vita kuu ya pili ilikwisha mwaka 1945. Baadaye kidogo Waingereza walianzisha kituo cha kuchunguza nguvu ya atomu huko Harwell. Wasomaji wetu wa Katanga wanajua kwamba jambo la atomu halikuwa mbali nasi, kwa maana urani nyingi iliyotumiwa na Wamarekani wakati wa vita ile ilichimbwa Shinkolobwe.

Wataalamu wa Harwell walikuwa na hesabu nyingi kupita kiasi. Siku zile kompyuta zilikuwa chache sana duniani. Kazi ya kuhesabu ilifanywa na vijana waliotoka katika vyuo vikuu. Kila mmoja aliketi mbele ya mashine ndogo ya mkono, akaingiza tarakimu, akazungusha mpini, akaandika jibu, akaanza tena, hivyo hivyo kutwa nzima. Kazi ile ilichosha akili, na akili iliyochoka hukosea. Ukikosea tarakimu moja asubuhi, kazi yote ya siku imeharibika, nawe hujui imeharibika wapi.

Mwaka 1949 watu watatu wa kituo kile walianza kufikiri namna ya kuwaondolea vijana mzigo huo. Majina yao ni Ted Cooke-Yarborough, Dick Barnes na Gurney Thomas. Hawakutafuta mwendo wa mbio. Walitaka mashine nyepesi kufahamika, isiyoharibika ovyo, ambayo mtu angeweza kuiachia kazi jioni, akaenda kulala, na asubuhi akayakuta majibu. Mashine yao ilianza kufanya kazi mwaka 1951, na mwaka 1952 walikabidhiwa wale waliokuwa na kazi ya hesabu kituoni.

Ndani yake wamo viungo vya namna mbili ambavyo yafaa kuvieleza. Cha kwanza ni rele, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Rele za namna hiyo zilitumika sana katika mitambo ya simu. Katika mashine ya Harwell zimo rele 480, nazo ndizo zinazolia. Cha pili ni dekatroni. Hiyo ni chupa ndogo ya kioo yenye gesi ndani yake. Katika duara ya chupa ile pana vituo kumi, tangu 0 mpaka 9, na kitone cha mwanga husimama juu ya kituo kimoja. Mashine ikiongeza moja, kitone kinaruka kituo kimoja. Kikiisha kuzunguka duara nzima, dekatroni ya jirani nayo inasogea hatua moja, kama vile tunavyofundisha watoto kupeleka moja katika safu ya makumi. Mashine ina dekatroni 828.

Kompyuta za siku hizi huandika hesabu zote kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, nasi hatuoni lolote linalotendeka ndani yake. Mashine ya Harwell ilihesabu kwa makumi, kama sisi wenye vidole kumi, tena iliweka kumbukumbu yake wazi machoni pa watu. Mwenye kusimama mbele yake aliweza kuisoma hesabu inapokua.

Mvumilivu kuliko watu

Wazee waliofanya kazi Harwell walikuwa na kisa wanachokipenda kukisimulia. Siku moja mtu hodari wa hesabu aliketi karibu na mashine, akachukua mashine yake ya mkono, akaanza kushindana nayo. Muda wa nusu saa hivi alikwenda nayo sawasawa, akitumia nguvu zake zote. Kisha akachoka, akainuka, akaenda zake. Mashine ikaendelea na kazi yake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Tangu Mei 1952 hata Februari 1953 ilifanya kazi kwa wastani wa saa 80 kila juma. Mara moja, ilipofika sikukuu ya Noeli na Mwaka Mpya, watu waliiachia utepe mrefu wa karatasi wenye matundu, maana hesabu zote iliziingiziwa kwa njia ya matundu katika utepe, wakafunga mlango wakaenda makwao. Waliporudi baada ya siku kumi au zaidi waliikuta inalia palepale, inaendelea kuhesabu.

Walakini wakati haumsubiri mtu wala mashine. Kompyuta zenye mwendo wa haraka zilitokea, na mwaka 1957 Harwell hawakuwa na haja nayo tena. Hapo ndipo ilipopata wokovu wake wa kwanza. Badala ya kuivunja, watu walifanya mashindano chini ya usimamizi wa taasisi ya hisabati ya Oxford: chuo kitakachoonyesha kwamba kitaitumia vizuri kuliko vingine, hicho kitapewa. Aliyeshinda ni chuo cha ufundi cha Wolverhampton.

Huko ilipewa jina jipya, WITCH. Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni mchawi wa kike, lakini msistuke, uchawi haumo. Jina limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno yanayosema kwamba ni chombo cha Wolverhampton cha kufundishia kuhesabu kwa kompyuta, kilichotoka Harwell. Ule upole wake, uliokuwa kasoro mahali pengine, huku ukawa faida. Mwanafunzi aliandika maagizo yake, akatoboa utepe, akautia mashinani, kisha akaona kwa macho yake kila agizo likitimizwa moja moja. Vijana wa Wolverhampton walifundishwa nayo mpaka mwaka 1973.

Miaka ya usahaulifu

Mwaka ule wa 1973 ilikuwa imekwisha kuwa mzee miongoni mwa kompyuta. Ikapelekwa Birmingham, katika nyumba ya makumbusho ya sayansi na viwanda, na watu wakaweza kuitazama. Kijana mmoja jina lake Kevin Murrell aliiona huko, ikamkaa moyoni.

Mwaka 1997 nyumba ile ilifungwa. Mashine ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa ghalani pamoja na vitu vingine vingi vya mji. Hakuna aliyeichukia wala aliyekusudia kuipoteza. Iliwekwa tu, na walioiweka wakaendelea na kazi nyingine, na miaka ikapita. Hivyo ndivyo vitu vingi vya thamani vinavyopotea duniani. Mwenye kuvunja kwa nyundo ni mmoja. Wenye kuweka na kusahau ni wengi.

Hata mwaka 2008. Yule Kevin Murrell alikuwa sasa mtu mzima, naye ni mmoja wa wasimamizi wa nyumba ya makumbusho ya kompyuta huko Bletchley. Siku moja alikuwa anatazama picha za vitu vilivyohifadhiwa ghalani. Nyuma ya picha moja, pembeni, aliona ubao wa swichi alioutambua mara moja. Ulikuwa ubao wa mashine aliyoiona katika ujana wake. Wakaifuata, wakaikuta, wakaomba kupewa ruhusa ya kuitengeneza. Tarehe 3 Septemba 2009 ililetwa Bletchley. Ilikuwa imelala ghalani miaka kumi na miwili.

Angalieni jambo hili, wasomaji. Picha ile waliiona watu wengine pia, nao waliona takataka za chuma tu. Aliyeitambua ni yule aliyewahi kuisimamia mbele yake akiwa kijana na kuipenda.

Ndugu yake asiyesalimika

Kabla ya kuwaambia namna ilivyotengenezwa, natusimulie habari za mashine nyingine. Maana nyumba ile ya Bletchley ilikuwa na historia yake.

Wakati wa vita, wakubwa wa jeshi la Wajerumani walipelekeana amri kwa maandishi ya siri yaliyofungwa kwa mashine iitwayo Lorenz. Waingereza waliyanasa maandishi hayo hewani, wakayapeleka Bletchley, ambako watu wa hesabu walitafuta njia ya kuyafungua. Kwa mkono kazi ilikawia mno, na amri ya vita ukiisoma baada ya majuma mengi haikufai kitu. Ndipo Tommy Flowers, mhandisi wa idara ya posta na simu, alipounda mashine iliyoitwa Colossus, yaani pandikizi la mtu. Ndani yake mlikuwa na vali zipatazo 1,600, ndizo taa za kioo kama zile zilizokuwamo katika radio za zamani. Wengi walimwambia kwamba vali nyingi namna hiyo zitaungua kila mara. Lakini Flowers alikuwa amejifunza katika mitambo ya simu kwamba vali isiyozimwa na kuwashwa ovyo hudumu sana. Colossus ya kwanza ilianza kazi Bletchley mwanzoni mwa mwaka 1944. Ilisoma herufi 5,000 za utepe kwa sekunde moja. Vita ilipokwisha zilikuwako kumi.

Nazo zilitendewa nini? Nyingi zilivunjwa upesi. Mbili zilibaki katika kazi za siri za serikali, hata nazo zikaondolewa karibu na mwaka 1960. Michoro ya kuziunda ilichomwa moto, na Flowers mwenyewe ndiye aliyepewa amri ya kuichoma. Wote waliofanya kazi pale walikuwa wameapa kunyamaza. Waliishi na wake zao na waume zao, wakalea watoto, wasiseme neno. Siri ilianza kufunguliwa katika miaka ya 1970 tu. Kwa miaka hiyo yote vitabu viliandika historia ya kompyuta pasipo kuitaja Colossus, na sifa wakapewa wengine.

Mwaka 1993 fundi aitwaye Tony Sale alijitia katika kazi ambayo wenzake waliiona haiwezekani. Alitaka kuiunda Colossus upya. Alikuwa na nini mkononi? Picha nane zilizopigwa mwaka 1945, na vipande vya michoro ambavyo wahandisi fulani walikuwa wamejiwekea kinyume cha amri. Alikuwa nao pia wazee wenyewe, wale waliobaki hai. Akaenda kwao mmoja mmoja, akawauliza, wakakumbuka. Kwa bahati njema, siku zile mitambo ya simu ya zamani ilikuwa inaondolewa Uingereza ili kuweka mipya, akapata humo vali, swichi na vyuma vya namna ile ile iliyotumiwa wakati wa vita.

Tarehe 6 Juni 1996 mashine yake iliwashwa kwa mara ya kwanza, ijapokuwa ilikuwa haijakamilika. Tommy Flowers alikuwapo, mzee wa miaka 90, akaiona kazi ya mikono yake imerudi. Alifariki Oktoba 1998. Sale na wenzake waliendelea hata mwaka 2007, ndipo Colossus ikakamilika: miaka kumi na minne ya kazi. Sale naye alifariki mwaka 2011.

Hapo tunaona tofauti ya mashine hizi mbili. Colossus unayoiona leo ni sanamu iliyo hai. Inafanya kazi kweli, lakini ile ya asili haiko tena. Aliyeivunja kwa siku chache aliwapa wengine kazi ya miaka kumi na minne. Tena kama Sale angekawia miaka kumi tu, Flowers asingekuwako wa kumwuliza, na wengi wa wenzake vivyo hivyo.

Namna ya kumwamsha mzee

Sasa turudi kwa mashine ya Harwell. Iliingizwa katika nyumba ile ile iliyojengwa zamani kwa ajili ya Colossus. Kazi ya kuitengeneza ilifanywa na watu wa chama cha kuhifadhi kompyuta, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1989, chini ya uongozi wa Delwyn Holroyd. Walifanya kazi yao mbele ya macho ya wageni.

Mafundi wa kazi hii wana desturi zao, nazo zafaa kujulikana na kila mtu mwenye kutengeneza vyombo vya kale, hata ikiwa ni radio tu.

Desturi ya kwanza: usiwashe. Mtu asiyejua akipata chombo cha zamani, jambo la kwanza hukichomeka katika umeme aone kama kinakwenda. Kumbe ndani yake mna kapasita, ndivyo vikopo vidogo vinavyoweka umeme kwa kitambo. Vikopo hivyo vikikaa miaka mingi bila kazi huharibika ndani. Ukivipa umeme wote ghafula vyaweza kupasuka na kuunguza vingine. Kwa hiyo fundi huvipima kimoja kimoja, hubadilisha vibovu, kisha hupandisha umeme kidogo kidogo, kama vile mgonjwa aliyefunga siku nyingi anavyoanzishwa uji mwepesi.

Desturi ya pili: andika kabla ya kufungua. Kila waya hupigwa picha na kufungwa kikaratasi chenye namba. Kumbukumbu ya mtu ni nyepesi, na waya mia zinafanana.

Desturi ya tatu: usiondoe kisicho lazima kuondolewa. Kama rele imeshika uchafu, safisha midomo yake inapogusana, usinunue mpya. Kama kipande kimekufa kabisa, weka kingine, lakini kile cha zamani kitunze katika bahasha pamoja na maandishi ya siku na sababu. Matengenezo yawe ya namna ambayo fundi wa kesho ataweza kuyafungua na kuona yaliyokuwako kwanza. Chombo cha kale ni kama kitabu. Ukikifanya kipya chote kwa kupenda kukipendeza, umefuta maandishi.

Desturi ya nne: tafuta maneno pamoja na chuma. Mashine bila utepe wake wa maagizo ni sanduku la kelele. Yapasa kutafuta karatasi zake, vitabu vyake, michoro yake, na zaidi ya hayo watu walioitumia. Mambo mengine hayaandikwi popote: sauti gani ni ya ugonjwa na sauti gani ni ya uzima, mlango gani hupigwa kofi kidogo ndipo ufunguke, swichi gani haipasi kuguswa kwanza. Hayo yamo mikononi mwa wazee.

Kazi ilikwenda polepole hivyo hivyo, miaka mitatu. Tarehe 20 Novemba 2012 watu walikusanyika. Kati yao walikuwamo Ted Cooke-Yarborough na Dick Barnes, wawili kati ya wale watatu walioianza kazi mwaka 1949, pamoja na watu waliokuwa wameitumia zamani. Mashine ikawashwa. Rele zikaanza kulia, vitone vyekundu vikaanza kurukaruka, hesabu zikatoka. Siku hiyo ikahesabiwa kuwa kompyuta ya zamani kuliko zote duniani ambayo ni ya asili yenyewe na inafanya kazi.

Cooke-Yarborough alikuwa na miaka zaidi ya 90. Januari 2013, kabla ya miezi miwili kutimia, alifariki. Fikirini kama kazi ile ingalikawia mpaka majira ya joto tu.

Fedha na upendo

Si mashine kubwa tu zinazotafutwa. Katika Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaokusanya kompyuta ndogo za nyumbani, kama vile Commodore 64 na ZX Spectrum, zote mbili za mwaka 1982. Ni waalimu, mafundi, makarani, na vijana waliozaliwa baada ya mashine hizo kutupwa. Jioni au siku ya mapumziko hufungua kompyuta ya kale mezani, hufuta vumbi, huondoa betri iliyovuja, maana maji ya betri hula njia nyembamba za shaba zinazopitisha umeme, kisha huunganisha njia hizo tena kwa bati na subira. Wakikwama, huulizana wao kwa wao, na mwenye kipande cha ziada humpa asiye nacho.

Kazi hii pia ina wafanya biashara. Mwaka 1976 vijana wawili wa California, Steve Jobs na Steve Wozniak, waliuza kompyuta yao ya kwanza, Apple I, kwa dola 666 na senti 66. Zilizotengenezwa ni 200 hivi tu, na nyingi zimepotea. Mwaka 2014 moja iliuzwa mnadani, na nyumba ya makumbusho ya Henry Ford iliinunua kwa dola 905,000. Habari kama hizo zikitangazwa, kila mtu hukimbilia stoo yake akitumaini utajiri.

Hatusemi kwamba kuuza ni vibaya. Lakini bei huokoa vile tu vilivyo adimu na vyenye jina. Mashine ya Harwell haikuwa na jina sokoni. Ghalani ilikuwa vyuma vya kupimwa kwa kilo. Aliyeiokoa hakutafuta faida, aliikumbuka. Kwa ajili hiyo tunaweza kulijibu lile swali la mwanzo. Watu wale walitoa miaka mitatu kwa mashine ya polepole kwa sababu ndani yake mna fikira za watu, namna walivyoona tabu ya wenzao na namna walivyotafuta dawa yake. Ukiisoma habari hiyo kitabuni, unaamini. Ukiiona mashine ikihesabu mbele yako, unafahamu.

Na sisi je?

Huku kwetu hatuna mashine ya Harwell. Walakini tazameni katika stoo za shule, za hospitali, za ofisi na za parokia. Mna mashine za kuandikia zilizoshika kutu, mashine za kuzungusha stensili, cherehani za miguu, radio za vali, harmoni zilizopasuka mifuko ya upepo, na siku hizi kompyuta zilizokufa, moja juu ya nyingine. Mwisho wake tunaujua. Siku ya kufagia stoo inafika, vitu vinatupwa nje, watoto wanachoma waya na vibao ili wapate shaba. Moshi ule ni sumu mbaya kwa mapafu na kwa damu, na katika kulehemu kwa mashine za zamani mna risasi, inayodhuru watoto kuliko watu wazima. Hivyo tunapata hasara mara mbili: kumbukumbu imepotea, na mtoto ameumia.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutuambia tujaze nyumba takataka. Si kila kitu cha zamani kinastahili kutunzwa. Nafasi ni ndogo na mvua inaingia. Lakini kabla ya kutupa, mambo matatu hayana gharama. Kwanza, uliza: kitu hiki kililetwa mwaka gani, na nani alikitumia? Pili, andika majibu katika karatasi, uifunge katika kitu chenyewe, na nyingine uiweke katika daftari, maana karatasi moja panya wanaiweza. Tatu, kama yuko mzee aliyekijua chombo hicho, mpelekee kijana mmoja mwenye mikono mizuri, waketi pamoja wakifungue. Pengine hakitafanya kazi tena. Hata hivyo kijana atakuwa amejifunza namna ya kufungua bila kuvunja, na mzee atakuwa amesema aliyokuwa nayo.

La tatu ndilo lisilongoja. Chuma huvumilia, mashine ya Harwell ililala miaka kumi na miwili ghalani nayo ikaamka. Tommy Flowers aliiona Colossus yake tena, ikabaki kwake miaka miwili na zaidi kidogo. Ted Cooke-Yarborough alibakiwa na majuma saba. Mwalimu wenu wa zamani, karani aliyepiga barua zote za misheni kwa mashine moja miaka thelathini, fundi aliyetengeneza radio za mtaa mzima, hao wamebakiwa na muda gani hatujui. Basi msingoje siku ya kufagia stoo. Nendeni kwao Jumapili hii baada ya Misa, mkawaulize.